Barabara Iliyofagiliwa

Kazi yangu ni kukagua barabara za vijijini: ipi ijengwe, ipi isubiri. Siku ile tulitoka Sumbawanga, mimi na bosi wangu, mtu wa Mbeya asiyecheka, kwenda kukagua ya kijiji nilichozaliwa. Dada yangu alijifungulia njiani masika ya mwaka juzi, akiwa amebebwa kwenye machela, akaapa kwamba hazai tena mpaka barabara ijengwe. Shemeji amekonda kwa kusubiri.

Basi, tukaingia kwenye njia ile, gari likaserereka kama liko kwenye lami. Mashimo hakuna! Makorongo hakuna! Hata majani ya pembeni yamefyekwa.

"Inapitika vizuri," bosi akasema. "Ziko zenye shida zaidi."

Nikashuka kwa dada nikiwaka. "Nyie mmefanya nini?"

Akanijibu kwa fahari, mikono kiunoni: pombe ya ulezi ilipikwa, jana kijiji kizima kikashika majembe, mashimo yote yakafukiwa. "Shemeji yako ndiye aliyelima kuliko wote. Mgeni wa serikali arushwerushwe? Aibu hiyo angeibeba nani?"

Mama yangu wee! Nilitaka kulia, nikacheka. Nikamweleza bosi.

"Naandika ninachokiona," akasema, akanawa mikono ale ugali.

Hajamaliza kutafuna, mvua ya kwanza ikashuka, kubwa, ya hasira. Nikaanza kucheka peke yangu kama mwehu.

Kuondoka, hatukufika mbali. Udongo wa jana ulishakuwa uji. Gari likazama mpaka milangoni. Bosi akashuka kusukuma, kiatu kimoja kikabaki humo humo. Watu wakaja mbio na kamba, nyuso zimewashuka. Mwenyekiti wa kijiji akavua kofia.

"Mtusamehe, wakubwa. Tulijitahidi."

Bosi, tope mpaka masikioni, akafoka: "Mwenyekiti, barabara yenu mbovu! Sijaona mbovu kama hii! Na nitaandika hivyo hivyo!"

Wazee wakainamisha vichwa. Mimi nikapiga kigelegele.

Dada akanitazama, akaelewa, akapiga chake. "Mbovu!" akaimba. Wanawake wakaitikia, "Mbovu!" Bosi akabaki ameduwaa, mguu peku, hajui ametukana au amebariki.

Shemeji hakuimba. Alilipita gari, akamkumbatia bosi na matope yake, akakataa kumwachia.