Ruta ya Koridoni

Mtaani walimwita Mikono, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa ukalimani wa lugha ya alama. Daktari akisema, yeye huyageuza maneno kuwa vidole, viganja na uso; kiziwi akijibu, yeye humpa daktari sauti. Zamani alikuwa akizunguka hospitali baada ya hospitali, lakini siku hizi kazi ilimfuata nyumbani kwa njia ya video, katika chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya mumewe, fundi wa mafriji. Ukutani alitundika shuka la buluu ili mikono yake ionekane vizuri. Mlango aliufunga kwa komeo, maana siri ya mgonjwa haina mgeni wala mwenyeji.

Hakuwa mtu wa kutulia. Hata akikoroga sufuria, mkono wa pili ulikuwa ukijisemea wenyewe. Lakini kilichomkosesha raha hasa kilikuwa mtandao. Ruta ya kampuni ya intaneti ilikaa sebuleni, pale waya ulipoingilia. Kutoka hapo hadi chumba cha nyuma kulikuwa na korido ndefu, jiko, na kuta nene za mawe zilizojengwa na baba mkwe, Mungu amrehemu, kama mtu aliyeambiwa kesho kuna vita. WiFi ikifika kule nyuma, ilikuwa hoi.

Asubuhi moja alikuwa akitafsiri kati ya daktari na mwanamke kiziwi, mjamzito, aliyekaa kwenye ukingo wa kiti huku ameshika tumbo. Daktari akasema, "Mwambie moyo wa mtoto hauna tatizo lolote."

Mikono akaanza: mtoto, moyo, tatizo. Neno "hakuna", katika lugha ile, hukaa mwishoni. Kabla mkono wake haujafika mwishoni, picha ikaganda.

Iliporudi, mwanamke yule alikuwa akilia kwa kwikwi, na daktari anauliza, "Nini? Kuna nini? Umemwambia nini?" Mikono alirudia ile alama ya "hakuna" tena na tena, kwa mikono, kwa kichwa, kwa macho, mpaka yule mwanamke akaelewa, akacheka huku machozi yanamtiririka. Mambo yakaisha salama. Lakini Mikono alipofungua mlango, siku ile nzima hakukaa popote zaidi ya kumeza mate.

"Si uhamie tu sebuleni?" mumewe akamshauri.

"Na wateja wako wanaokuja kulalamika barafu haigandi, niwaweke wapi? Juu ya dari?"

Kesho yake akaenda madukani. Muuzaji, dada mmoja mchangamfu, akampitisha kwanza kwenye ruta kubwa zenye antena kama miguu ya buibui. Mikono akatikisa kichwa. Ndipo dada akateremsha boksi dogo lililokuwa na vidude vitatu vyeupe, kila kimoja kama kikombe kilichofunikwa.

"Hizi wanaziita meshi. Moja inachomekwa kwenye waya wa intaneti. Mbili zinapokezana mawimbi, kama watu wanaopitishiana ndoo kuzima moto. Mmoja akiondoka kwenye mstari, maji hayafiki."

"Mbona bei yake ya chini hivyo?"

"Hazina mbio sana, dada. Lakini kazi ya nyumbani zinaiweza."

Mumewe alipoona boksi alisema neno moja tu: "Rahisi ghali." Kisha akaenda kuleta bisibisi.

"Iweke chini hiyo," Mikono akamwambia. "Hapa hakuna kitu cha kufunguliwa."

Haikuwa kazi ya mara moja. Programu ya kwenye simu ilitaka barua pepe, ikataka paswedi, ikaikataa paswedi ikisema ni nyepesi, ikataka nyingine. Ruta ya kwanza ikawasha taa ya buluu. Ya pili ikabaki nyekundu, inakonyeza kama mtu mwenye takataka jichoni. Wakaizima, wakaiwasha, mumewe akaipiga kofi dogo la kifundi, wapi! Mikono aliposoma maelekezo kwa makini ndipo akagundua kuwa zote tatu zilitakiwa kwanza zikae pamoja zifahamiane, ndipo zitawanywe. Akazipanga juu ya meza kama mabibi harusi. Taa zikawa buluu zote.

Ugomvi ukawa ni wa mahali pa kuziweka. Mumewe alitaka ya katikati ikae nyuma ya friji, kwa kuwa kwake yeye kila kitu kizuri hukaa karibu na friji, na bati lote lile likayameza mawimbi. Mikono akazunguka nyumba nzima na kompyuta mkononi kama mtu anayepitisha sinia la chai, anasimama, anapima, anarudi. Mwishowe moja ikabaki sebuleni, moja ikakaa koridoni juu ya kigoda, karibu na soketi inayotazamana na chumba cha mama mkwe, na ya tatu kwenye rafu chumbani kwake. Alipojaribu video, picha ilikuwa safi kama maji ya mtungi. Akapiga kigelegele peke yake.

Mama mkwe alipita, akaangalia kile kidude juu ya kigoda chake, akaendelea zake bila neno. Mikono akanywea. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu sasa. Alimsalimia mama kutoka jikoni, asijibiwe. Alimwita chakula tayari, mama akabaki amekaa. Hakuwahi kumkosea, kadiri alivyojua, lakini moyoni alishajipa jibu: mama amenichoka.

Siku chache zilipita kwa amani. Kisha picha ikaanza kukatika tena. Si kila wakati. Asubuhi tu, jua likianza kupanda, yeye yumo katikati ya mazungumzo. Alijifunza kuweka bando kwenye simu ya akiba na kuruka huko haraka, lakini kila alipotoka kwenda kukagua, taa zote zilikuwa buluu, zinamtazama bila hatia. Akamshuku jirani anayechomelea mageti. Akaishuku kampuni ya intaneti. Akarudi dukani na boksi kwapani.

"Umeniuzia takataka."

Dada wa dukani hakukasirika. Akaiomba simu, akafungua ile programu, akatazama. "Ya katikati inazimika. Haikosi mawimbi, dada, inakosa umeme. Nyumbani mko wangapi?"

"Mimi, mume wangu na mama yake."

"Basi kaangalie plagi kwanza. Ukiona haifai, nirudishie."

Mikono alirudi anaongea peke yake njia nzima. Mumewe asubuhi huwa kazini. Alibaki nani? Akalikataa wazo lile, likarudi, akalifukuza, likakaa. Kwa hiyo mama hakutosheka kumnyamazia, sasa anamkatia na riziki! Usingizi ukawa wa kubahatisha.

Asubuhi iliyofuata mgonjwa aliahirisha dakika za mwisho. Mikono hakusubiri. Akafungua komeo, akatoka koridoni, na kweli, mama mkwe alikuwa ameinama penye soketi, mgongo umemwelekea, plagi ya ruta iko mkononi.

"Mama!"

Kimya.

"Mama, unafanya nini?"

Mama hakugeuka. Hata bega halikutikisika. Mtu anayesikia akiitwa kutoka nyuma, hata kama anakudharau, shingo humsaliti kidogo. Mikono alilijua hilo kuliko watu wote wa mtaa ule. Ndiyo kazi yake. Akasogea taratibu mpaka mama akaona kivuli, kisha akamgusa bega.

Mama mkwe akaruka. Kiganjani alikuwa na kiboksi cheupe chenye waya, na ndani yake, kama njugu mbili, vifaa vya kumsaidia asiyesikia vizuri.

Wakatazamana.

"Tangu lini, mama?" Mikono akauliza, midomo ikienda polepole.

"Usinifinyangie mdomo hivyo, mimi si mtoto." Mama akavichomoa vile vidude kwenye kiboksi, akavipachika masikioni kimoja baada ya kingine. "Haya, sema."

"Tangu lini?"

"Mwaka na zaidi. Dada yangu ndiye aliyenipeleka kupimwa. Hivi vinataka kuchajiwa, na soketi ya chumbani kwangu iliungua."

"Si umwambie mwanao?"

"Nilimwambia. Alisema kesho." Mama akacheka kwa pua. "Mganga hajigangi. Nikimsukuma ataniuliza soketi ya nini, na mimi sikutaka kuulizwa. Nikaona asubuhi ukijifungia, umeme wa hiki kidude chako unaazimika kidogo, kisha naurudisha."

"Na mimi je, mama? Hii si ndiyo kazi yangu?"

"Wewe ndiye niliyekuogopa zaidi. Nikikuambia leo, kesho unaanza kunisemesha kwa mikono mbele ya wageni."

Mikono akataka kukanusha, akagundua mikono yake imeshainuka yenyewe hewani. Wakaiona wote wawili. Mama akaanza kucheka, na Mikono akacheka, kisha akaketi sakafuni pale pale koridoni akalia kidogo, kwa zile salamu zote alizozihesabu kuwa chuki.

"Nilidhani umenichoka," alisema.

"Nilidhani wewe ndiye umeacha kunisalimia."

Jioni fundi wa mafriji aliambiwa yote. Hakujitetea. Aliichukua bisibisi yake, safari hii ikapata kazi, na soketi ya mama ikapona kabla ya chakula.

Tangu hapo ruta ya koridoni haikuzimika tena. Mara moja laini nzima ya mtaa ilikatika, na Mikono akamalizia kazi kwa simu. Alishajua hakuna mtandao wa kuaminiwa asilimia mia. Mama alianza kuvaa vifaa vyake hadharani, na shukrani yake ya kwanza ilikuwa lawama: "Kumbe nyumba hii ina kelele namna hii!" Kelele zikimzidi, huvivua.

Lakini utulivu? Huo haukuja. Siku moja Mikono alitoka chumbani baada ya kazi ndefu iliyokwenda bila kukatika hata kidogo, na bado vidole vilikuwa vinacheza, na miguu haikutaka kiti.

"Kaa basi, mwanangu," mama alimwambia kutoka mlangoni kwake.

"Nimekaa tangu asubuhi, mama. Siwezi."

"Basi tembea huku unaongea. Nakusikia."

Mikono akatembea, kutoka jikoni hadi sebuleni na kurudi, akimsimulia habari za jirani na mageti yake, za dada wa dukani, za nyanya zilizooza upande mmoja. Na kila alipofika mwisho wa korido, sauti ya mama ilimfuata: "Ehe? Halafu?"