Kabureta mbili ndani ya sanduku langu la kanga

Nimewaandikia ninyi kwa sababu hapa kijijini hakuna ninayeweza kumwambia. Jina langu lificheni. Mimi ni bibi wa miaka sitini na sita, mjane, huku Ngara upande wa Mugoma. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, makosa mtayavumilia. Na msianze na "pole bibi". Pole nimepewa nyingi, na ya jambo hili sistahili.

Marehemu mume wangu alikuwa bwana shamba enzi za vijiji vya ujamaa. Alikuwa na pikipiki kubwa ya safari, ya zamani tayari, aliyoipata kwa padri mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Injini yake imetokeza huku na huku, na ubavuni ina kiti cha abiria chenye gurudumu lake, yaani haianguki hata dereva akiwa mlevi. Kila Jumapili baada ya misa aliifungua, mimi namshikia spana. Nilijua kufungua kabureta na kuzirudisha kabla sijajua kupika ugali wa watu wengi, na mama mkwe alinisema sana kwa hilo. Mume wangu alinifundisha hata kuiendesha, kwenye njia ya shambani, watu wasije wakapata la kusema.

Vita vya Kagera vilipoanza, magari ya watu yakawa yanachukuliwa kwenda mbele, ikavuma kwamba na pikipiki zitafuata. Mume wangu alikuwa mgambo, ameshaitwa. Asubuhi ya kuondoka alitoa kabureta zote mbili, maana bila hizo injini haiwaki, akazifunga kwenye kitambaa chenye oili, akazifukia ndani ya gunia la maharage, kisha akaenda kumwambia katibu wa kijiji kwamba pikipiki imekufa. Mimi aliniachia maneno haya tu: "Ukiulizwa, imekufa. Hata mama akikuuliza, imekufa."

Miezi mitatu baadaye, wifi yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, alishikwa na uchungu. Mumewe naye alikuwa vitani. Tangu alfajiri mpaka saa saba mchana mtoto hatoki, na damu inatoka. Huku kwetu mgonjwa alikuwa anabebwa kwenye ngobyi, machela ya kusuka, wanaume wanapokezana mabegani mpaka hospitali, na wanatakiwa wengi. Vijana wote walikuwa wameondoka. Walikuja wazee watano, mmoja anachechemea. Mama mkwe akanivuta pembeni, akaniuliza kwa upole ambao hakuwahi kunionyesha: "Mwanangu, kile chuma hakiwezi kuwaka hata leo tu?"

Kurudisha kabureta ilikuwa kazi ya robo saa. Petroli ilikuwemo. Kiti cha pembeni kingemtosha wifi yangu. Lakini akilini nilimwona mume wangu akitiwa pingu mbele ya wenzake kwa kuidanganya serikali wakati wa vita, nikamwona binti yangu wa miezi minne akiitwa mtoto wa msaliti. Nikajiambia wazee watafika. Nikasema, "Imekufa, mama."

Hawakufika. Mtoto alizaliwa njiani, kando ya shamba la mihogo la watu, na mama yake akafia pale pale. Mama mkwe alirudi amemfunga kitoto kwenye kitenge, akanipa, akasema wewe una maziwa. Ziwa moja nikampa yeye, jingine binti yangu. Baba yake hakurudi kutoka vitani, tukamlea sisi.

Mume wangu alirudi salama. Alipoambiwa, aliniangalia, nami nikamwangalia, basi. Aliifunika pikipiki turubai na hakuigusa mpaka anakufa, miaka kumi na moja iliyopita. Hatukuwahi kulizungumza. Kabureta nilizihamishia kwenye sanduku langu la kanga, na kila mwaka nazitoa, nazipaka oili, nazirudisha. Msiniulize kwa nini. Nilishatembea nazo mpaka mtoni nizitupe, mkono ukakataa.

Mtoto yule sasa ana miaka arobaini na sita. Ni fundi wa malori pale Lusahunga. Ananiita mama. Anajua aliyemzaa alifariki siku ile, zaidi ya hapo hajui. Tangu Pasaka, kila akipata nafasi anakuja kuifufua "pikipiki ya baba". Amekwangua kutu, amebadili nyaya, tairi amepata, kiti cha pembeni amekivika ngozi nyekundu, anasema abiria wa kwanza ni mimi, ananipeleka kanisani. Mimi nakaa kwenye kigoda namshikia spana. Siku moja nilimpa spana ya namba aliyoihitaji kabla hajaitaja, akacheka sana, akaniita bibi fundi. Nilicheka naye, kisha nikaingia ndani nikalia.

Wiki iliyopita alifungua injini yote, akazifuta pistoni moja moja kwa kitambaa. Akasema, "Mama, hii haikuwahi kufa. Pistoni hazina hata mkwaruzo. Zimekosekana kabureta tu, na aliyezitoa alijua kazi, nati zote karudishia mahali pake. Nani alisema imekufa?"

Nikamjibu sijui mwanangu, hayo yalikuwa mambo ya baba yako. Uongo ule ule, nilimpa bibi yake, sasa nimempa na yeye.

Jumamosi anakwenda Kabanga, kuna mtu amemwahidi kabureta kutoka Burundi. Nikimpa hizi zangu, ataona oili mbichi, na yeye si mjinga. Ataniuliza zimekaa kwangu kwa sababu gani, nami sina jibu ila moja. Nikisema, nampoteza, na sina mtoto mwingine wa kiume. Nikinyamaza, atapata nyingine, itawaka, na Jumapili nitakalishwa kwenye kile kiti chekundu, mahali ambapo mama yake alitakiwa kukaa, huku mwanawe ananiendesha kwa furaha. Jamani nishaurini, nifanye nini? Na kama ni kumwambia, nianze na neno gani?