Sanduku la Moshi Tulilolisugua na Muchanga

Wenzangu wakikaa kuhadisiana aibu zao mimi ninanyamaza, kwa sababu yangu haichekeshi, na mpaka leo nikisikia muntu anasugua sufuria ninahama pale. Shule yangu ni ya miaka miwili tu, munivumilie.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, mji ungali unaitwa Albertville, nami nilikuwa ninafagia damu na kubeba mifupa kwenye duka la nyama la muzungu mumoja tuliyemwita Bwana Kimya (hakupiga kelele hata siku moja, na hiyo njo ilitutia woga zaidi). Akaleta kutoka Ulaya sanduku la kukaushia nyama kwa moshi, refu mpaka kifuani, la inoksi, kile chuma cheupe ambacho unajiona ndani yake sawa kwenye kioo. Akasema atakayelitunza vizuri njo atakuwa mukaushaji wa nyama, aachane na ufagio, na apewe nyumba ya matofali kwenye kambi ya wafanyakazi. Feza, bibi yangu wa ndoa, alikuwa amekwisha kuipanga nyumba hiyo kichwani, hata kitanda kitakaa wapi.

Kisha mwezi mumoja sanduku likashika madoa, mafuta na moshi vimekauka pamoja, meusi, yananata. Bwana Kimya alinionyesha: maji ya moto na sabuni, uweke kitambaa kilicholowa juu ya doa, ungoje lilainike, kiisha upanguse polepole. Kazi ya nusu siku. Ijumaa moja akaenda kutafuta ng'ombe, akaniachia kazi hiyo. Mulumba, kaka ya Feza, tuliyefanya naye kazi pale, akanikuta nimekaa ninangoja.

"Shemeji, unalisafisha ao unaliuguza? Mama yako alisugua sufuria na nini?"

Kwetu kando ya ziwa kila muntu anajua jibu: muchanga na majivu. Mwanamuke akirudi toka ziwani na sufuria nyeusi atasemwa mpaka jioni. Basi nikaacha kitambaa, tukalibeba wawili mpaka majini, yeye akasugua mulango, mimi pande zingine, madoa yote yakatoka, na wamama waliokuwa wanaosha vyombo wakatupigia makofi. Mumoja, Mama Zaina, akasema, "Papa, njoo unioe, wangu hata sahani hajui kuosha." Mimi mupumbavu nikavimba kichwa, nikamwambia Mulumba turudie njia ya soko ili watu walione.

Njiani likakauka. Chuma kilicholowa kinang'aa hata kikiwa na vidonda, lakini kikikauka njo kinasema yote. Tulipofika katikati ya soko lilikuwa limefifia, limekwaruzwa kila upande, na watu waliokuja kujiangalia ndani yake hawakuona sura yao, wakaanza kucheka. Mulumba akasema mukono unamuuma, akaachia upande wake, akaenda. Nikaliburuta peke yangu, na mawe ya barabara yakaongeza mikwaruzo yao.

Feza aliuza mihogo pale sokoni, aliona yote. Akanifuata mpaka nyuma ya duka, akasema kwa sauti ndogo, "Usimutaje kaka yangu. Wakiwafukuza wawili, tutakula kwa nani?"

Bwana Kimya aliporudi akapitisha kidole juu ya chuma, akauliza ni nani. Nikasema ni mimi.

Hakunipiga. Kesho yake, Jumamosi, siku mji mzima unanunua nyama, akaliweka sanduku mbele ya duka, akanisimamisha kando yake, kila muntu anayeingia nimwambie ni nani aliyeliharibu. Nikawaambia wote, mwalimu wa dini, wavuvi waliotoka Zongwe, Mama Zaina mwenyewe (huyo hakucheka, aliangalia chini), ni mimi, ni mimi, mpaka koo likakauka. Ndani, Mulumba alikuwa amefunga aproni mupya, anakata nyama. Jioni nikafukuzwa. Nyumba ya matofali alipewa Mulumba, na Feza akaenda kumusaidia kupaka chokaa, na kwangu hakikufika hata kipande kimoja cha nyama ya moshi.

Tangu hapo sisafishi kitu cha muntu kwa akili ya mwingine, na kosa la wawili silibebi tena peke yangu. Mulango aliusugua Mulumba.