Pumzi Kabla ya Ubeti wa Pili

Jumanne, kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo pale Mwenge, mama mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alitaka nyimbo kumi mpya kwenye kadi ya redio yake ndogo. Kadi ilikuwa imejaa. Fundi akauchukua wimbo mkubwa kuliko zote, faili la WAV lisilobanwa, sauti ya marehemu mumewe akiimba kwaya, akatengeneza nakala ndogo ya MP3 ili nafasi ipatikane.

“Sikiliza, mama. Hamna tofauti.”

Mama alisogeza sikio kwenye spika, akafumba macho. “Alikuwaga anavuta pumzi kabla ya ubeti wa pili. Iko wapi?”

Kidole cha fundi kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta lile la kwanza. Mama akamshika mkono.

“Usibonyeze, mwanangu.”

Hakubonyeza. Mama aliondoka bila wimbo mpya hata mmoja. Mimi niliondoka na nyimbo mia mbili, na sijui hata mmoja unavuta pumzi wapi.