Kufuli la Velo Yangu

Juzi nilipeleka koti langu kwa fundi cherehani wa mtaa wa Saint-Gilles, na kabla hajaniuliza shida ni nini nilikuwa nimeshakasirika. Ni harufu ya mafuta ya cherehani. Wengine inawakumbusha nguo mpya za sikukuu. Mimi inanirudisha nyumbani kwetu mtaa wa Laeken, Jumatano mchana, tumetoka shule mapema, na Papa amekaa jikoni, bunduki anayoipaka mafuta hayo imelala juu ya fulana yake kuukuu, pale pale mezani tulipopaswa kula.

Msishtuke, alikuwa na kibali. Kule Kivu Papa alikuwa askari wa mbuga ya wanyama kabla vita havijatuleta Ubelgiji; hapa Brussels alisafisha treni. Maman alikuwa akimtunza mzee mmoja Mbelgiji aliyewahi kuishi Bukavu. Mzee huyo alimpenda Papa, akamsaidia kupata kibali, wakawa wanaenda kuwinda nguruwe mwitu huko kwenye misitu ya Ardennes. Mzee alipochoka miguu, akamwachia Papa bunduki yake. Ilibidi ikae imefungiwa, na makabati ya kazi hiyo yalikuwa ghali. Basi Papa akatengeneza la kwake, na hapo mateso yetu yakaanza.

Alileta kabati la chuma lililotupwa na kiwanda fulani, akalikaza ukutani kwa skrubu ndefu kama vidole vyangu. Ndani akatandika zulia la mlangoni kwetu, tukabaki kukanyaga vigae baridi. Mtutu uliegemea kipande cha sponji alichokata kwenye godoro la mdogo wangu Yves. Tulikaa ghorofa ya chini, kuta zikitoa jasho, kwa hiyo tuliagizwa kuokota vile vijifuko vya chembechembe za kufyonza unyevu vinavyokaa ndani ya masanduku ya viatu vipya. Papa alivikausha juu ya radieta ya kupashia nyumba joto, kisha akavining'iniza kabatini. Soksi zangu ndefu za sufu, nilizozililia majira mazima ya baridi, alizishona zikawa mfuko mmoja, akazipaka mafuta ya cherehani, akaivisha bunduki. Ikapata joto yenyewe. Mimi nikaenda shule na vidole vya miguu vimekufa ganzi. Risasi zilikaa chumba kingine, ndani ya mkebe wa biskuti uliotiwa kufuli. Hebu fikirini uchungu wa watoto wawili mbele ya mkebe wa biskuti wenye kufuli.

Nilimlalamikia Maman. Akaendelea kukaanga ndizi zake, na hilo liliniudhi kuliko hata soksi.

Halafu ikaja zamu ya velo, baiskeli yangu. Ilikuwa ya zambarau, ya mtumba, na ilikuwa na mnyororo mzuri wa kufuli. Jumamosi moja Papa aliutikisa mlango wa kabati, akauona unacheza. Akauchukua mnyororo wangu, akalizungushia kabati. Nilipouliza velo nitaifungia nini, akasema, "Bon, fin du mois nitakununulia mnyororo ingine. Sasa uiweke ndani ya couloir."

Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa bado mbali, na jirani hakutaka kuona velo kwenye korido, akaitoa nje mara mbili. Wiki hiyo hiyo nilitumwa mkate, nikaiegemeza kwenye dirisha la duka. Nilipotoka, dirisha lilikuwepo, velo haikuwepo. Nilirudi kwa miguu nikilia, mkate nimeubana mpaka umevunjika.

Papa alikuwa mbele ya kabati, anaukagua mlango kama alivyofanya kila Yves alipopita karibu.

"Unapenda ile bunduki kuliko sisi," nilimwambia.

Alinijibu mimi binti yake: "Velo, tutapata ingine, ma fille. Mutu, hapana."

Akaujaribu mlango tena. Nikajua tu kwamba hakunisikia.

Papa alifariki miaka michache iliyopita. Tulipokwisha kukabidhi bunduki kwa muuzaji mwenye ruhusa, mimi na Maman tukabaki kufungua zile skrubu. Ndipo akaniambia, bila kunitazama. Papa akiwa askari kijana, alipita kwa mama yake kula. Aliifunika bunduki ya kazi kwa blanketi, akaiacha nyuma ya mlango, akaenda kuoga. Mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wao, akaikuta. Papa alisikia mlio wa risasi akiwa bado na sabuni usoni. Mtoto alikuwa na miaka saba. Aliitwa Bahati.

Niliuliza kwa nini hakutuambia.

"Mimi aliniambiaka mara moja tu," alisema Maman. "Sikumuulizaka tena."

Na kwa nini, baada ya hayo, alikubali kuingiza bunduki nyingine nyumbani? Maman anasema msituni ndiko alikojisikia bado ni mtu mwenye kazi yake. Labda. Mimi jibu hilo halijanitosha mpaka leo.

Naelewa sasa yale mahangaiko yote yalikuwa kwa ajili ya nani. Hasira haijaisha; imehama tu. Soksi na velo nimemsamehe. Kisichonitoka ni hiki: tulikuwa na baba mdogo wa miaka saba, na mimi nikakua nikampita umri bila kujua kwamba aliwahi kuwepo.