Kaanaeli na Funguo za Sekei

Kaanaeli ni fundi wa kufuli hapa mtaani kwetu Sekei, Mmeru mwenye ubishi wa kimyakimya, na mimi nampenda kama ndugu hata siku anazoniudhi. Kila Desemba sisi Wachaga tunapanda kwetu Kilimanjaro kula Krismasi, mtaa unabaki mtupu, na funguo tunamwachia yeye atulishie mbwa na kuku. Zote anazitunga kwenye waya mmoja bila alama yoyote. Ukimuuliza anazitambuaje anacheka tu, halafu anakuuliza habari za watoto.

Desemba mwaka jana polisi walimsimamisha usiku, akienda kulisha mbwa. Nyumba moja mtaa wa pili ilikuwa imevunjwa, naye alikuwa na mkoba wenye tupa, nyaya za kufungulia kufuli na lile rundo la funguo. Kwa sheria, ukikutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba ni juu yako kueleza sababu halali ya kuwa navyo. Ukishindwa, unaweza kufungwa hata kama hujaiba kijiko. Kituoni askari mmoja, kijana mnyoofu, akamuuliza funguo ni za nani. Kaanaeli akawatazama mahabusu waliokaa kwenye benchi, kisha akasema, "Afande, tusogee pembeni tuongee."

Jamani, nchi hii nani asiyejua maana ya maneno hayo? Askari alidhani anapewa rushwa. Akawaka, akaamuru aseme palepale mbele ya watu. Kaanaeli akafunga mdomo, naye akafungiwa ndani.

Mkewe, Naisula, alinipigia simu nikiwa Marangu, nyama ndiyo kwanza iko motoni. Nikaacha kila kitu nikateremka, njia nzima namgombeza moyoni. Angetaja jina langu tu, angepungukiwa nini?

Kituoni askari alinipa ule waya nionyeshe ufunguo wangu. Sikuujua. Nililigeuza rundo lote nikikisia, na kila nilipokosea Kaanaeli alizidi kuinamisha kichwa. Nikaomba twende nyumbani kwangu. Pale getini Kaanaeli alichomoa ufunguo mmoja bila hata kuutazama, geti likafunguka, na mbwa wangu akanipita mimi mwenye nyumba, akamrukia yeye kifuani. Askari akacheka mpaka akavua kofia.

Nikamuuliza Kaanaeli kwa hasira kwa nini hakusema tangu mwanzo.

"Mama Arnold," akasema, "wale wa kwenye benchi wengine wanatoka kesho. Niwatajie nyumba ambazo hazina watu?"

Nililia palepale, na sioni aibu kulisema. Yaani alikuwa tayari kwenda jela ili milango yetu ibaki imefungwa, nasi huko juu tunagawana nyama.

Askari alimwomba radhi, akamwambia aende akapumzike. Kaanaeli alinyoosha mkono kuomba funguo zake. Alisema atapumzika baadaye, maana mtaa mzima hakuna mbwa aliyekula tangu jana.