Pomboo Mmoja Aliyeandikwa Sita

Veronicah Nasimiyu alizaliwa Bungoma, anakaa Uthiru, na bahari hajawahi kuitia mguu. Lakini ukitaka habari za pomboo wa lile ziwa la maji chumvi kule pwani, lile linaloingiwa na bahari kwa mlango mwembamba, muulize yeye. Kazi yake ilikuwa kupokea simu katika ofisi ya shirika moja la wanyama, hapa katikati ya jiji la Nairobi. Mtu akimwona pomboo ziwani, anapiga; Vero anaandika.

Kazi aliipenda. Hakumwachia mtu aseme tu "nimemwona" kisha akate simu. "Pezi la mgongoni liko aje?" ndilo lilikuwa swali lake, salamu hata hazijaisha. Ndivyo alivyojua kwamba pomboo aliyeonwa na wavuvi, na mwalimu wa pale, na Masila, bawabu wa hoteli ya ufuoni, alikuwa yule yule: jike mwenye pezi lililokatika ncha. Simu sita, mnyama mmoja.

Sasa sikia ujeuri. Mkubwa wake, Clifford, akaandika kwenye ripoti pomboo sita! Na ripoti hiyo ndiyo ingeamua kama boti za kasi za watalii zitaruhusiwa ziwani. Pomboo wakiwa wengi, boti ziingie. Akiwa mmoja, zikae nje.

"Boss, ni mmoja," Vero alimwambia. "Wote wamesema hiyo pezi imekatika."

"Simu zilikuwa ngapi?"

"Sita."

"Si ndio hiyo sasa? Vero, wacha kunisumbua. Hao wenye boti ndio wanatulipia hii ofisi."

Hebu niambie, ukimwona mbuzi wa jirani mara sita kwa siku, utasema jirani ana mbuzi sita? Vero alikasirika. Akapanda kwa wakurugenzi, nao wakamrudisha apitie kwa mkubwa wake, huyo huyo Clifford. Kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Boti zikaruhusiwa. Masila akawa anapiga kila mara kulalamika kwamba zinamfukuza pomboo huku na huku, watu wakipiga makofi, na yeye bawabu hana la kufanya. Asubuhi moja akapiga simu, sauti ikiwa chini.

"Madam Vero, yule wetu amekufa. Boti imemkata mgongo. Maji yamemleta hapa karibu na geti."

"Pezi liko aje?"

"Ni yeye, Madam."

Vero aliingia kwa Clifford bila kubisha, akamwambia wazi, ofisi nzima ikisikia: "Mmemuua. Alikuwa mmoja, nilikwambia, na mmemuua!"

Clifford akatikisa kichwa kwa huruma, akavuta kompyuta karibu.

"Pole sana, Vero. Basi tutoe mmoja. Andika tumebaki na watano."